Siku Niliyokuwa Mumiani wa Misri

Aliyeifanya Magomeni yote ya Mtwara ifunge milango mchana kweupe, hata wali ukaungulia mekoni, ni mimi. Nakiri mwenyewe, maana nisipokiri mimi watanikiria wengine, na wao hutia chumvi. Sikuwa na bunduki wala sikumfungulia chui. Nilikuwa na neno moja tu, nililolipata sekondari kwa mwalimu wa historia, nikalitia barabarani bila kumuuliza mtu yeyote anayeishi barabarani.

Mniwie radhi, mimi kwa asili ni mtu wa ndani. Wenzangu Jumamosi wakienda ufukweni Shangani, mimi hubaki barazani kwetu na chai yangu, tena baraza ya uani, si ile ya mbele ambako watu wanaweza kukuona wakakutuma. Hata sinema za Kihindi, ambazo miaka ile zilikuwa zimeutia mji wetu wazimu (kina mama wa Magomeni walikuwa wakiimba nyimbo za Bombay neno kwa neno wakitwanga, wasijue wanaimba nini, na wakilia palepale panapostahili kulia), mimi nilizipenda zaidi kwa sababu moja, kwamba zinaonyeshwa ndani.

Basi wiki ile jirani yetu, Bibi Zaituni, alikuwa hana raha. Binti yake, dada Hawa, alijifungua hospitali, mtoto akatoka mzima lakini mama damu ilimvuja sana, akabaki amelala kama nguo iliyoanikwa. Daktari akasema apatikane mtu wa kumtolea damu, na isipite Jumamosi alasiri. Siku hizo kumwambia mtu akatolewe damu ni kama kumwambia akajichimbie kaburi, lakini Bibi Zaituni alituma habari Ziwani, wakaja wapwa zake wawili, vijana wa shamba wenye vifua kama milango, wamekubali kwa shingo upande, macho yanatazama njia waliyojia. Kisha akanigeukia mimi.

"Mume wangu," akasema (mabibi wa kwetu huwaita hivyo vijana walio rika la wajukuu zao, na mimi nimekuwa mume wake tangu sijaota meno), "na wewe utakwenda nao ukapimwe. Hiyo damu yako ya kukaa ndani si inalala bure?"

Nikasema nitakwenda. Nilisema kwa sauti ya kiume kabisa, kisha nikarudi uani kwangu kutafuta udhuru, kwa sababu sindano mimi naiogopa kuliko nyoka. Nyoka angalau hakuambii ukunje mkono wa shati.

Udhuru ulikuja Ijumaa, umevaa miwani. Alikuwa Bwana Devshi, mwenye jumba la sinema, mzaliwa wa Mikindani, anayezungumza Kiswahili cha kunishinda mimi. Amepokea picha mpya kutoka Bombay na anataka mtu aliyesoma amsaidie kuipa jina la Kiswahili. Akanikunjulia tangazo lake mezani: mfalme wa dhahabu mwenye nyoka kwenye paji la uso, msichana wa Kihindi anacheza mbele ya piramidi, na nyuma yao, gizani, maiti iliyofungwa vitambaa mwili mzima inainuka kutoka kwenye sanduku lake. Bwana Devshi akanisimulia yote, na penye nyimbo akaimba. Mfalme wa Misri amekufa kwa mapenzi, ameapa ataamka siku atakapousikia wimbo wa malkia wake, wakapita watu na watu, hatimaye mchezaji mmoja wa Bombay akauimba bila kujua anachokiimba.

Hapo sekondari ikanipanda kichwani. Nikamwambia wafalme wale walihesabiwa kuwa wana wa jua, na mmoja akifa walimtoa matumbo, wakamlaza kwenye magadi mpaka akakauka, wakamfunga vitambaa, lakini moyo hawakuutoa, kwa sababu huko aendako anamngoja mungu mwenye kichwa cha mbweha, ameshika mizani, upande mmoja unawekwa moyo wako na upande mwingine unyoya. Moyo ukiwa mzito kuliko unyoya, yupo mnyama mwenye kichwa cha mamba amekaa pembeni, kazi yake ni kuumeza. Bwana Devshi alikuwa anatafuna karanga, akaacha.

Yeye alitaka picha iitwe Firauni. Firauni anamtosha, alisema, kila mtu anamjua. Mimi nikakataa katakata. Nikamwambia masheikh watakuja juu, na zaidi ya hayo mtaani kwetu firauni ni tusi, nani atatoa kiingilio kumtazama firauni ilhali jirani yake ndiye huyohuyo. Lipo neno safi, nikasema, neno la kitaalamu, mwalimu wetu alitufundisha kwamba limetoka hukohuko kwa hizo maiti zilizokaushwa. Mumiani.

Bwana Devshi akajikuna sikio. "Mumiani? Una hakika, bwana? Marehemu baba alikuwa akiuza mumiani dukani, ile dawa nyeusi ya mifupa iliyovunjika, na watu walikuwa wanavuka barabara wasipite mbele ya duka letu."

Nikamwambia hayo yalikuwa ya zamani, sasa watu wamesoma. (Watu niliokuwa nao akilini, nikiwahesabu leo, ni mimi.)

Likabaki jambo moja. Alitaka mtu afungwe vitambaa kama yule wa kwenye tangazo, azungushwe mjini na gari Jumamosi baada ya adhuhuri. Dereva wake Selemani, ambaye pia ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya picha, alishasema hawezi kuvaa sanda akiwa anapumua. Jumamosi baada ya adhuhuri, nikawaza. Saa ileile ya hospitali. Nikajikuta nimesema, "Mimi nitavaa."

Nilimpitia Bibi Zaituni nikamwambia nimepata kazi ya ghafla ya kuelimisha umma. Akautazama mkono wangu, akarudi kwenye mchele wake. Wapwa wawili wanatosha, nikajiambia, mimi ningekuwa wa nini.

Kesho yake wakanifunga. Kitambaa kilikuwa bafta, ileile wanayozikiwa watu, imechanwa vipande virefu, ikachovywa kwenye chai ya rangi ili ionekane ya kale, kisha ikatiwa kanji ili ikae imara. Wakanizungusha kutoka utosini hadi vifundoni, mdomo ndani, mikono ndani, wakaniachia ufa wa macho na miguu mitupu, wakanisimamisha kwenye kabati bovu lililopakwa rangi ya dhahabu, kabati likafungwa nyuma ya pikapu. Kanji ilipokaukia juani nikawa kama shati la askari. Pikapu lenyewe lilikuwa jekundu.

Wenyeji wa pwani nawasikia mmeguna. Kwa asiyejua, mumiani wa mtaani si maiti ya mfalme yeyote. Ni watu wapitao na gari, husemwa ni jekundu, wakikukuta peke yako wanakuziba mdomo, wanakuning'iniza kichwa chini, na damu yako inakwenda kufanywa dawa. Hakuna aliyewaona, na kila mtu ana binamu aliyewaona. Nami nililijua hilo, ndiyo aibu yenyewe, nimelijua tangu utotoni, lakini lilikuwa limekaa chumba kimoja cha kichwa changu na historia imekaa chumba kingine, na mlango wa kati sikuwahi kuufungua.

Maneno ya kutangaza niliyaandika mimi: Mumiani wa Misri ameamka, amelala miaka elfu tatu, ana kiu ya mapenzi, njooni mumwone leo saa kumi, wanawake na watoto nusu bei. Selemani aliyasoma vizuri. Lakini kipaza sauti kilikuwa na waya uliolegea, kikawa kinameza na kutema, na kilichotoka barabarani, kama nilivyokuja kuambiwa na watu wengi kwa nyakati tofauti, ni hiki: mumiani ameamka, ana kiu, leo saa kumi, wanawake na watoto. Chini yake sahani ya santuri ya nyimbo za picha hiyo ikizunguka polepole kuliko inavyotakiwa, na yule mwanamke wa Bombay, mwenye sauti ya kinanda, akawa anaimba kama mwanamume anayelia kisimani.

Tulipoingia Magomeni gari likakohoa likazima. Selemani akachukua debe, akasema anatafuta maji, akakata kona. Nikamngoja. Betri ikaanza kuisha, yule mwanamke akashuka sauti, akashuka, akawa anavuta neno moja kama mtu anayezama, akanyamaza.

Hapo ndipo nilipousikia ukimya. Jumamosi, mchana, Magomeni, na hakuna mtoto anayelia, hakuna kinu, hakuna anayemtukana mwenzake kwa upendo. Nikajitupa chini kutoka garini, nikaenda kwa hatua za kuku aliyefungwa, maana magoti yalikuwa yamebanwa pamoja. Kwenye kibaraza kimoja palikuwa na mbuzi ya nazi, kifuu bado kipo kwenye meno yake, chembe za nazi zinadondoka. Nyumba ya pili pasi ya mkaa imeachwa juu ya kola ya shati, kola inafuka moshi. Chini ya ukuta bao limeachwa kete zikiwa njiani, na kiatu kimoja cha mtoto. Dirishani redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo kwa ile sauti yake ya upole, fulani wa fulani, popote walipo wapate habari, na hapakuwa na mtu wa kuipata habari hiyo isipokuwa mimi.

Nitawaambia nilichofikiri, mcheke mmalize. Sikufikiri kwamba wamenikimbia mimi. Siku zile vita vilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na upepo ukikaa vibaya wapo waliodai wanasikia mizinga. Nikasema Wareno wamevuka. Kisha nikasema hapana, Wareno wangepiga kelele. Hiki ni kitu kinachokuja kimya, watu wote wamekijua isipokuwa mimi kwa sababu sitoki ndani, na kinapita mtaa huuhuu sasa hivi, na mimi nimefungwa mikono. Nikaanza kutetemeka ndani ya kanji, ikawa inalia kama majani makavu.

Kwenye ufa wa mlango mmoja nikaona jicho. Nikalisogelea nimuulize mwenye jicho tunakimbia nini. Jicho likaondoka, na ndani nikasikia mtu anaisoma Ayatul Kursiy kwa kunong'ona. Nikafarijika, nami nikaifuatiliza, kwa kuwa tuna adui mmoja, ila mdomo ulikuwa umefungwa, kikatoka kitu kama ng'ombe anayeota. Ndani pakaanguka mtu mzito.

Nikafika kwetu. Nikagonga kwa paji la uso, nikamwita mama yangu mzazi. Alichojibu ni kusogeza kinu nyuma ya mlango, kisha pakafukizwa ubani.

Mlango uliokuwa wazi mtaa mzima ni mmoja, wa Bibi Zaituni. Nikaingia. Mle ndani kulikuwa giza, baada ya jua lile nisione kitu, halafu pole pole nikamwona amekaa mkekani, peke yake, kanga ya dada Hawa imekunjwa mapajani. Aliinua uso akanitazama. Hakupiga kelele, hakusogea, hakusoma kitu. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyechelewa.

"Umekuja kwa ajili ya Hawa," akasema. "Mwache. Ana mtoto mchanga. Nichukue mimi."

Akaweka kanga pembeni, akaifunga ushungi vizuri ile aliyojitanda, akanyoosha mikono miwili mbele yangu, mishipa juu, kama mtu anayengoja kunawishwa.

Nimekuwa nikisikia watu wakisema damu iliwaganda, nikidhani ni maneno. Ndipo nilipojua kitu kilichokuwa kinapita mtaani kimya ni kipi. Nilikuwa nimekibeba mwenyewe tangu kwenye jumba la sinema. Nilitaka kusema ni mimi, Bibi, ni mumeo, ikatoka ile sauti ya ng'ombe, na yeye akafumba macho akangoja. Mikono ile sitaisahau. Nikataka kupiga magoti, lakini magoti hayakunjiki ndani ya kanji, nikaanguka kifudifudi kama gogo, nyayo zikabaki zimeelekea mlangoni, kwenye mwanga.

Nikahisi vidole vinashika kidole gumba changu cha mguu wa kushoto, kile kilichopinda, nilichokivunja utotoni kwenye kizingiti cha nyumba ileile, akanikanda yeye mwenyewe mwezi mzima. Alikishika muda mrefu. Akauliza, taratibu sana, kama ni mimi. Nikakitikisa.

Akaleta kisu cha jikoni, akanipasulia mdomo. Neno langu la kwanza nikauliza wapwa zake wako wapi. Wameshakwenda hospitali?

"Wametokea dirishani," akasema. "Mmoja ameacha shati. Wamesema sasa wamejua damu wanayotakiwa inakwenda wapi, maana imetangazwa barabarani, na saa imetajwa."

Alasiri ilikuwa inakaribia. Akajaribu kunifungua, bafta ikagoma, akaishia kunipasua magotini niweze kutembea, akakata na kuvua kitambaa cha mkono mmoja, ncha ndefu iliyobaki akaizungusha kiganjani mwake, akasema, "Simama. Twende."

Ndivyo tulivyoivuka Magomeni, kikongwe mbele anamkokota mumiani kama mbuzi wa akika, na kila ufa wa kila mlango una jicho, na hakuna aliyetoa sauti. Tulipita pikapu. Tulipita ile redio, bado inawaita ndugu wa marehemu. Nilitaka kumwomba msamaha njiani, lakini mgongo wake haukuwa mgongo wa kuombwa msamaha.

Hospitali tangazo lilikuwa limetutangulia, mabenchi yalikuwa matupu, kandambili zimebaki chini kama wenyewe wameyeyuka. Chumba cha damu tukamkuta mganga mmoja ambaye hakukimbia, amevaa kitambaa cha pua na mdomo kilichochongoka mbele, masikio yake makubwa yamesimama juu ya kamba. Akanitazama juu mpaka chini, akamuuliza Bibi kama huyu ni mgonjwa au ni marehemu.

Bibi akamwambia, "Huyu ni damu. Mpime."

Nikachomwa kidole, tone likachanganywa na la dada Hawa kwenye kioo, mganga akakigeuzageuza dirishani, akaitikia kwa kichwa kwamba inafaa. Nililala. Kwa pembeni nikaona kitanda kingine na nyayo mbili tu zimetoka kwenye shuka, nyeupe kama za mtu aliyetembea kwenye unga, na nikajua ni za nani, na kwamba zikibaki na rangi ile mpaka jioni aliyeziua ni mimi na sekondari yangu. Yule mganga akaleta chupa, na chini ya kitanda changu, wallahi, akaweka mizani.

Nikamtazama kwa ule ufa wa macho, mdomo wake mrefu, masikio yake, mizani yake. Mimi nimefungwa bafta, nimelala chali, mikono ubavuni. Mwalimu alitufundisha yote ila hakutuambia kwamba ukifika pale unakuwa unajua jibu. Chupa moja sikutaka kumtolea jirani aliyenikanda kidole mwezi mzima. Unyoya gani ungeshindana na moyo huo. Sindano ikaingia. Nikasikia mizani inanong'ona, tik, inashuka, tik, na mbweha anasoma namba. Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilizimia kabla chupa haijajaa, ikajaa bila mimi.

Nilipozinduka jioni Bibi Zaituni alikuwa amekaa kwenye kitanda cha pili, amezishika zile nyayo mikononi, anazigeuza kuelekea mwanga kama mtu anayekagua embe, na zilikuwa zimeanza kuiva.

Selemani alipatikana siku ya pili, kwenye choo cha watu asiowajua, amejifungia na debe lake. Bwana Devshi alionyesha picha yake kwa viti vitupu, mwenyewe akiimba. Lakini wiki iliyofuata aliibadilisha jina akaiita Firauni, watu wakajaa mpaka ngazini, na masheikh wawili niliosema wangekuja juu walikuja kweli, wakakata tikiti. Mimi sikuiona. Tangu siku ile nimeapa, na kiapo hiki nimekishika mpaka leo nina mvi, kwamba neno la kitabuni silitoi nje ya mlango wetu mpaka nimeliuliza kwanza kwa mtu anayekuna nazi.

Dada Hawa aliporudi nyumbani, mtaa mzima ulikwenda kumpa hongera. Nikangoja jua lipoe, nikapita kando kando ya ukuta, na kwa bahati yangu mbaya kanzu iliyokuwa safi siku hiyo ni nyeupe. Nilipotokea mlangoni uani, kikombe cha mtu kikagonga kisahani. Dada Hawa alikuwa ananyonyesha, rangi yote imemrudia, akainama akacheka ndani ya kanga. Bibi Zaituni akanisogezea kigoda karibu yake, akanishika mkono uleule akaukunja kama anaangalia kovu, kisha akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu:

"Mume wangu, mumiani wote wa dunia hii wananyonya damu, wewe peke yako ndiye mumiani uliyenyonywa."